Adapta mpya ya filta ya oili kwenye Land Rover ya zamani: inavuja, taa haizimi, presha imeshuka

Injini ya 2.25 ya Land Rover, ile ya sentimita za ujazo 2286 iliyoanza na Series II mwaka 1958, ilitoka kiwandani na filta ya bakuli. Bakuli la bati linaning'inia ubavuni mwa bloku, ndani mna elementi ya karatasi, na bolti moja ndefu inapita katikati kulishikilia. Injini hizi bado ziko barabarani, kuanzia gari zilizounganishwa Thika hadi zile ndefu za inchi 109 zinazobeba watu na magunia huko ambako lami haijafika. Kilichobadilika ni duka la spea. Elementi ya bakuli imekuwa kitu cha kuagiza na kusubiri, wakati filta ya kopo, ya kuzungusha kwa mkono, inapatikana Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam na kwa muuza oili yeyote wa njiani. Ndiyo maana watu wanaweka adapta, yaani kipande cha kuwezesha injini hii kufungwa filta ya kopo, na mimi naunga mkono kabisa. Filta inayopatikana itabadilishwa kwa wakati wake, na ile isiyopatikana itaachwa humo mpaka ijifie.

Tatizo ni kinachofuata. Kazi inafanyika asubuhi, jioni kuna tone chini ya gari au taa ya oili imegoma kuzima, na fundi wa pili anayeitwa anasema sili ya nyuma ya kranki imekwisha, au injini imechoka. Giaboksi inashushwa. Inabadilishwa sili ambayo haikuwa na kosa, na tone linabaki palepale. Karibu kila mara kosa liko kwenye nyuso mbili za chuma zilizokutanishwa vibaya, au kwenye uzi usiolingana. Vyote hivyo vinaonekana bila kushusha kitu chochote kizito.

Kwanza ujue umefunga adapta ya aina gani, maana dalili zinatofautiana. Njia ya kwanza ni kuondoa kichwa kizima cha filta, yaani kile kipande kilichofungwa kwenye bloku, na kuweka kichwa cha injini za baadaye za lita 2.5, ya petroli au ya dizeli isiyo na tabo. Kinakaa kwenye bloku ya 2.25 bila kuchonga kitu. Njia ya pili ni kuacha kichwa cha zamani mahali pake na kuweka sahani inayokaa kwenye mfereji ule ambao bakuli lilikuwa linakalia, ikiwa na msumari wenye uzi katikati wa kufungia kopo. Mimi napenda njia ya kwanza, kwa sababu inabaki sehemu moja pungufu ya kuvujia. Kichwa cha Tdi, ile dizeli yenye tabo, kina matundu mawili zaidi ya bomba za kupoza oili, na ndani yake kina themostati. Kama gari yako haina kipoza oili, usikinunue kwa sababu tu ni cha bei poa. Tafuta cha injini isiyo na tabo.

Kabla hujafungua chochote, pima presha kwa geji ya kufunga kwa muda kwenye tundu la swichi ya taa. Injini ikiwa ya moto, kwa mwendo wa maili 30 kwa saa gia ya juu, kitabu cha Land Rover kinataka psi 35 hadi 65. Andika namba hiyo, na ya sailensa pia, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Bila namba ya kabla, namba ya baada haikuambii kama adapta ndiyo iliyoshusha presha au injini ilikuwa hivyo tangu mwaka juzi.

Inavuja taratibu, matone tu

Usianze kukaza. Anza kuosha. Osha ubavu wote wa bloku kwa petroli au dizeli na brashi, kausha kwa hewa, halafu pakaza poda ya mtoto au unga wa chaki kuanzia juu kabisa, penye mfuniko wa vali, mpaka chini penye sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini. Washa injini, iache iungurume dakika chache, zima, kisha ingia na tochi. Oili inachora mstari wake kwenye poda, nawe unaufuata kwenda juu mpaka unapoanzia. Ukifanya hivi gari likiwa limesimama, upepo wa safari hauwezi kukudanganya. Oili ya kwenye kichwa cha filta ikipulizwa nyuma wakati gari linatembea, inakwenda kukusanyika kwenye kava ya flaiwili na kudondokea tundu la chini, lilelile ambalo sili ya nyuma ya kranki hudondokea. Hapo ndipo giaboksi nyingi zilishushwa bure.

Kwenye injini hii ya petroli, ubavu wa filta ndio wenye distributa, na ndio wenye pampu ya petroli iliyofungwa kwenye kava ya pembeni ya tapeti. Gasketi ya kava hiyo na ya pampu zikivuja, oili inateremka moja kwa moja juu ya adapta yako mpya na inaonekana kama inatoka humo. Mstari kwenye poda ukianzia juu ya kichwa cha filta, adapta haihusiki.

Ukianzia penye kichwa, tazama ni mshono upi.

Mshono wa kopo na adapta ndio rahisi. Filta inafungwa mpaka mpira uguse, kisha unaongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, basi. Mpira upakwe oili safi kabla. Ukifungwa mkavu unajikunja, ukikazwa kwa mnyororo unajipinda, na yote mawili yanaleta tone.

Mshono wa sahani na kichwa cha zamani ndio unaowatesa wengi, na sababu yake ni ndogo. Kwenye kichwa cha zamani kuna mfereji wa duara wenye pete ya mpira ya pembe nne. Baada ya miaka ya joto pete ile inageuka ngumu, nyeusi, inalingana na chuma kabisa, na mtu akipitisha kidole anaona kama ni sakafu ya mfereji. Anaweka pete mpya juu yake. Sasa ziko mbili, sahani haikai sawa, na presha ikipanda inavuja upande mmoja. Chukua sindano nene au msumari ulionolewa, chomeka kwenye mfereji na uinue. Ukiona kitu kinachomoka kwa vipande kama lami iliyokauka, hiyo ndiyo pete ya zamani. Toa yote, mpaka chuma king'ae mduara mzima, huku ukitazama na tochi. Usitumie bisibisi pana, inachimba ukingo wa mfereji na hapo utakuwa umetengeneza njia ya kudumu ya kuvujia.

Mshono wa kichwa na bloku una mambo matatu. La kwanza ni mabaki ya gasketi ya karatasi. Yakwangue kwa wembe, huku umeziba matundu ya bloku kwa kitambaa safi. Kumbuka kukitoa. La pili ni uso wa kichwa chenyewe. Vichwa vingi vinavyouzwa vimetoka kwenye injini zilizokatwa, na uso wake umepinda au una makovu. Laza rula ya chuma juu yake dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapita, weka msasa laini juu ya kioo, sugua uso kwa mduara mpaka mikwaruzo ienee kote, kisha osha kwa nguvu. La tatu ni urefu wa bolti. Mguu wa kichwa kipya ukiwa mwembamba kuliko wa zamani, bolti zilezile zinafika mwisho wa tundu kabla hazijabana chochote. Spana inakwambia imekaza, lakini kichwa kinacheza. Ingiza bolti bila gasketi, bila kichwa, hesabu zinaingia kiasi gani, ulinganishe na unene wa mguu. Na kama umepewa bolti nyingine pamoja na kichwa, zilinganishe uzi kwa uzi na zilizotoka kwenye bloku. Bolti ya milimita 10 haina kazi kwenye tundu la inchi 3/8. Inaanza kuingia, inauma, na ukilazimisha umeharibu uzi wa bloku, kazi ambayo si ya nusu siku tena.

Silikoni siitaki kwenye mshono huu. Inayobaki nje inaonekana, ila inayominyika ndani huioni, na njia iliyo ndani pale inaelekea kwenye beringi za kranki. Gasketi ya karatasi iliyopakwa grisi kidogo inatosha kwenye uso ulionyooka.

Swichi ya taa ndiyo ya mwisho. Inavuja kupitia plastiki yake, oili inateremka kwenye waya, na watu wanaibadilisha adapta. Chomoa waya, ukikuta kichwa cha swichi kimelowa ndani, nunua swichi. Na kabla ya kufunga kichwa kipya kwenye bloku, jaribu swichi yako kwa vidole kwenye tundu lake. Uzi ukikataa mezani, utakataa vilevile ukiwa chini ya gari.

Inamwaga kwa nguvu mara tu injini inapowaka

Zima. Usitafute ikiwa imewaka; pampu inaweza kumaliza sampu kwa muda mfupi sana, na beringi hazikusubiri.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mpira wa filta ya zamani kubaki umeng'ang'ania uso wa adapta, na mpya kufungwa juu yake. Ya pili ni hatari zaidi, na napenda kila anayeweka adapta aielewe: uzi wa kopo. Uzi uliozoeleka kwenye filta za Land Rover za kopo ni wa inchi 3/4 wenye nyuzi 16 kwa inchi. Filta nyingi za Toyota ndogo ni huohuo, ndiyo maana watu wanaazima. Lakini kuna filta nyingine nyingi dukani, za umbo lilelile na mpira wa kipenyo kilekile, zenye uzi wa milimita 20 kwa 1.5. Inchi 3/4 ni milimita 19.05. Tofauti haifiki milimita moja, kwa hiyo filta ya 20 inaingia kwenye msumari wa 3/4. Inazunguka, inafika, mpira unabana, na mkono unaridhika. Ila nyuzi zimeshikana kwa ncha tu. Injini ikiwa baridi, oili nzito, presha juu, kopo linaruka.

Kipimo chake: filta ifungwe kwanza bila mpira kugusa, mizunguko miwili tu, halafu itikise kushoto na kulia. Yenye uzi sahihi ina mchezo mdogo sana. Ya 20 kwenye 3/4 inayumba waziwazi. Ukiwa na kalipa, pima msumari wa adapta: ukisoma karibu na 19, ni inchi 3/4. Kisha ukwangue namba hiyo kwenye adapta yenyewe, ili yeyote atakayebadilisha oili mbele ya safari aione.

Taa inachelewa kuzima asubuhi

Ikichelewa sekunde chache siku ya kwanza tu, filta ilikuwa tupu. Ijaze oili kabla ya kuifunga, maana kwenye gari hii kwa kawaida kopo linaning'inia mdomo juu na halimwagi.

Ikichelewa kila asubuhi, na pengine inagonga kidogo ikiwaka, tazama kopo limekaaje. Adapta zinazolilaza kopo zinategemea kipande cha mpira kilicho ndani ya filta, kinachozuia oili isirudi kwenye sampu usiku. Filta ya bei ya chini sana mara nyingi ina mpira mgumu usioziba. Badilisha filta ya chapa nyingine kabla ya kuilaumu pampu. Kopo likiwa wima, mdomo juu, basi sababu iko kwingine: oili nyepesi kuliko 20W-50, au pampu imechakaa.

Taa haizimi kabisa, au geji imeshuka

Zima injini na uangalie kijiti kwanza. Sampu ya 2.25 inachukua lita 6.25, na filta ya bakuli lita 0.85 juu yake. Kopo lako linaweza kuchukua zaidi au pungufu, kwa hiyo jaza kwa kijiti, usijaze kwa kitabu.

Kijiti kikiwa sawa, weka geji ya kimakanika. Taa yenyewe ni shahidi mdogo: inazimika presha ikiwa bado ya chini mno kwa injini inayofanya kazi, na inaweza kuwaka kwa sababu waya umegusa bodi.

Geji ikisoma sifuri kabisa baada ya kazi ya adapta, kuna mambo mawili ya kuchunguza. Moja, gasketi imegeuzwa au si yake, na imeziba mojawapo ya matundu mawili: oili inatoka kwenye bloku kwa tundu moja, inazunguka nje ya karatasi ya filta, inapenya katikati, na kurudi kwa tundu la pili. Laza gasketi kwenye bloku, kisha kwenye kichwa, na utazame matundu yote mawili kabla ya kufunga. Pili, pampu imepoteza oili. Ni pampu ya meno iliyo ndani ya sampu, na gari likikaa wazi siku nyingi meno yanakauka na kupoteza uwezo wa kuvuta. Chomoa plagi zote, mimina oili kwa sindano kubwa kupitia tundu la swichi, rudisha geji kwenye tundu hilo, kisha zungusha injini kwa hendeli ya mbele. Zungusha mpaka geji ipande. Hendeli ni bora kuliko stata hapa, kwa sababu bila plagi injini ni nyepesi na unasikia mkononi pampu inapoanza kushika.

Geji ikisoma chini kuliko kabla, lakini si sifuri, rudi kwenye mshono wa bloku, ingawa kosa la hapo peke yake linaweza lisionekane kwenye geji. Kati ya yale matundu mawili kuna ukuta mwembamba wa chuma, na gasketi inapaswa kuufunika. Ikichanika hapo, hakuna tone nje. Oili chafu inakata njia kwenda upande safi bila kupita kwenye karatasi. Angalia pia tundu la swichi kwenye kichwa chako limetobolewa upande gani. Likiwa upande wa kabla ya filta, geji inaonyesha nguvu ya pampu, haionyeshi kinachofika kwenye kranki.

Geji ikisoma sawasawa na namba uliyoandika kabla ya kazi, na namba hiyo ilikuwa chini tangu hapo, adapta haina kosa. Vali ya kupunguza presha ya injini hii imo ndani ya pampu yenyewe, kwa hiyo sampu lazima ishuke. Ukiwa umeishusha, tazama kitako cha vali na springi yake, kisha beringi, kwa mpangilio huo.

Presha nzuri, hakuna tone, lakini oili inachafuka mapema

Kosa hili halina kelele, na ndilo linaloua injini huku mwenye gari akiwa na furaha. Kwa dizeli usiogope weusi wenyewe; oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku hiyohiyo kwa masizi. Kwa petroli, oili iliyokuwa ya asali ikawa nyeusi yenye chembe kabla ya kilomita elfu moja ni swali.

Waliobaki na bakuli nao wanahusika hapa. Chini ya elementi kuna springi, sahani ndogo na washa, vinavyoisukuma elementi juu ibane kwenye kichwa. Mara nyingi vimenata kwenye elementi ya zamani na vinatupwa nayo. Bila hivyo elementi inaelea ndani ya bakuli, oili inapita pembeni, presha inasoma vizuri kabisa, na hakuna kinachochujwa. Mwenye injini ya hivyo akiweka adapta, anaanza na uchafu ambao si wa adapta.

Kwa walio na kopo, swali ni vali ya kupitisha, ile inayofunguka filta ikiziba au oili ikiwa nzito ili injini isikose oili. Vichwa vingine vina vali hiyo ndani yake, vingine vinategemea iliyo ndani ya filta. Tazama ndani ya kichwa: ukiona kidude cha springi kwenye njia kati ya upande mchafu na msafi, ndiyo hiyo, na isukume kwa kalamu uone kama inarudi. Ikikwama wazi, oili yote inapita humo. Kama kichwa hakina, hakikisha filta unayonunua inayo.

Jibu la uhakika linatoka kwenye filta iliyotumika. Baada ya kilomita elfu tatu hivi ichomoe, imwage, itoboe chini ya ukingo na uikate mduara kwa mkasi wa bati. Usitumie msumeno, unga wake utauona kwenye karatasi ukadhani ni wa beringi. Nyoosha karatasi juani. Ikiwa na utelezi mweusi uliosambaa sawa kwenye mikunjo yote, filta inafanya kazi. Oili ikiwa imechafuka na mikunjo bado ina rangi yake ya dukani, oili haikupita humo: fungua kichwa, kagua ukuta wa kati, vali na gasketi, na usifunge filta nyingine mpaka umekuta njia inayoikwepa.